Uko na Lori Kamukuywa na Unataka Kuwa Broka Pia? Piga Hii Hesabu Kwanza

Kila msimu mahindi yakianza kukauka Trans Nzoia na Bungoma, story ni ile ile. Dere ameangalia oili, ameongeza upepo kwa tairi, tanboi yuko ready, lakini mzigo hauna. Halafu kuna msee hapo steji ya Kamukuywa hana hata wilibaro. Ako na simu mbili na pawabenki. Yeye ndiye anajua nani ako na gunia 300 huko Kiminini na nani anazitaka Nairobi. Anapiga simu tatu, anakula ashu kwa kila gunia, anaenda zake. Dere anabaki amelalia stiaringi akingoja kuitwa.

Kwa hivyo swali liko wazi, na madere wengi wa lori moja wanajiuliza: kwa nini huyu jamaa akule kwa jasho langu? Si mimi pia niwe broka? Nina lori, nina namba za wakulima, nina namba za wanunuzi. Shida iko wapi?

Jibu letu ni ndio, unaweza. Lakini si vile wengi wanafikiria. Ukiingia vibaya hiyo ashu itakula lori. Ukiingia vizuri, lori lako na simu yako zitasaidiana, na hata kama hutakuwa tajiri, hutalala steji siku nne ukingoja bahati. Kaa hapo tupige hesabu pamoja.

Kwanza jua umesimama wapi

Kamukuywa si mahali pa kupita tu. Iko kwa barabara ya Kitale kwenda Webuye. Hapo ndipo unakata kushoto ama kulia, kulingana na unatoka wapi, uende Kimilili na Chwele, ama upande Kaptama na Kapsokwony, ule mlima wa Elgon wenye viazi, kabeji na vitunguu. Nyuma yako uko na Kitale, mji wa mahindi, makao ya Kenya Seed. Mbele yako uko na Webuye, mahali unakutana na ile barabara kubwa ya Mombasa, Nairobi, Eldoret, Malaba.

Hiyo Webuye ndiyo siri ya hii story yote. Hapo zinapita trela zinazotoka Mombasa zikienda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Zinaenda zimejaa. Zikirudi, nyingi hazina kitu, kwa sababu mzigo unaoingia huku kwetu kupitia bandari ya Mombasa ni mwingi kuliko ule unaotoka. Dere wa trela ametoka Kampala na boksi tupu, anataka kitu chochote cha kumsaidia na dizeli mpaka Nairobi.

Huyo ndiye mpinzani wako wa kweli, buda. Broka wa steji ni msee tu wa kati. Anayekumaliza ni trela inayorudi tupu. Tukuonyeshe.

Hesabu ya dizeli haina huruma

Hizi ni namba za mfano, wewe weka zako. Tuseme uko na FRR inabeba gunia 80 za kilo 90, yaani tani saba na kidogo. Kamukuywa mpaka Nairobi tupige kilomita 390. Kwenda na kurudi ni 780. Lori linakula lita moja kwa kilomita sita, hiyo ni lita 130. Lita moja tuseme ni shilingi 170. Dizeli peke yake ni shilingi 22,100. Gawa kwa gunia 80: karibu shilingi 276 kwa kila gunia, na hujalipa tanboi, hujakula, hujatengeneza breki, hujalipa mkopo.

Sasa chukua trela ya gunia 300. Inakula lita moja kwa kilomita mbili na nusu. Safari yote ni lita 312, shilingi 53,040, yaani kama 177 kwa gunia. Tayari imekushinda. Lakini ngoja. Ile trela inayorudi kutoka Uganda inahesabu kuenda peke yake, kwa sababu ingerudi tu hata bila mzigo. Kwake dizeli ya gunia moja ni kama 88.

Yaani mkulima akiuliza bei, wewe ukisema 300 hujafaidi kitu. Trela ikisema 200 imepata nusu ya hiyo pesa kama faida ya dizeli. Hapo hata ukiwa dere mzuri aje, hata ukiwa na heshima ya kijiji kizima, kwa mzigo mkubwa wa Nairobi utapigwa. Na kumbuka EPRA hutangaza bei mpya ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Septemba 2023 dizeli ilivuka shilingi 200 Nairobi. Wenye lori moja ndio walihisi kwanza, maana walishakubaliana bei ya safari kabla ya tangazo.

So kama wazo lako la ubroka ni "nitajitafutia mzigo wa Nairobi mwenyewe niwache kulipa mtu ashu," umekosea mahesabu. Ashu kwa gunia 80 ni shilingi 800. Hiyo si pesa inayokuzuia kutajirika. Kinachokuzuia ni kwamba hiyo safari si yako.

Safari yako ni ipi basi?

Hapa ndipo mambo yanageuka. Ile trela haiwezi kupanda Kaptama kukinyesha. Haiwezi kuingia boma la mzee mwenye gunia 25 kwa barabara ya matope, igeuze, ishuke. Haina muda wa kuzunguka maboma kumi na mbili ikikusanya. Dere wa trela anataka afike, apakie kwa masaa machache, aende.

FRR yako inaweza. Canter ya jirani yako inaweza. Kukusanya kutoka shambani mpaka barabarani ndiyo kazi ambayo trela haiwezi kukunyang'anya. Safari ni fupi, hulali njiani, na unaweza kupiga tripu mbili kwa siku kama hakujanyesha.

Kwa hivyo ubroka unaoleta maana Kamukuywa ni huu: mzigo wa kutoka shamba mpaka lami unaubeba wewe na lori lako. Mzigo wa kutoka lami mpaka Nairobi, Nakuru ama Thika unautafutia trela. Unalipwa kama dere kwa sehemu ya kwanza, unalipwa komisheni kwa sehemu ya pili. Hizo ni kazi mbili tofauti, na hazigombani. Mkulima anapata bei poa ya usafiri, trela inapata dizeli ya kurudi, na wewe hulali steji.

Msee wa simu mbili hawezi hiyo. Yeye hajui gunia zimekauka ama bado, kwa sababu hajazibeba. Wewe umezishika. Ukiona mahindi yana unyevu juu ya asilimia 13.5, ile NCPB na mashine nyingi za unga wanataka, utajua kabla trela haijafika. Mzigo ukikataliwa Nairobi, ni nani analipa trela kusimama siku mbili? Hapo ndipo broka wa maneno na broka wa kazi hutofautiana.

Wenye mamilioni ya dola walijaribu hii kitu

Usidhani wazo la kuunganisha mzigo na lori ni lako pekee. Watu wenye pesa ndefu wameingia hapo. Lori Systems ilianza hapa Kenya 2016, na 2017 ikashinda shindano la TechCrunch la kampuni changa za Afrika, lililofanywa Nairobi. Sendy nao Januari 2020 walichangiwa dola milioni 20, Toyota Tsusho wakiwemo. Walikuwa na apu safi, ofisi, mainjinia. 2023 Sendy ikafunga.

Ukisema hiyo ni Kenya, angalia Marekani. Convoy ya Seattle ilianza 2015, Jeff Bezos na Bill Gates wakiwa kati ya walioweka pesa. 2022 ilisemekana thamani yake ni dola bilioni 3.8. Oktoba 2023 ikasimamisha kazi.

Kila kampuni ilikuwa na shida zake. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaoshika kila broka, mkubwa kwa mdogo: mwenye lori anataka pesa leo, mwenye mzigo anataka kulipa baadaye. Dere hawezi kuweka dizeli na ahadi. Anataka advansi kabla ya kuwasha injini. Kampuni ya unga ama mnunuzi mkubwa anasema, "Leta risiti, utalipwa baada ya siku 30." Wakati mwingine 60. Katikati ya hizo siku ni nani anaweka pesa? Ni broka.

Sasa kama wenye dola milioni 20 waliona hilo pengo ni refu, wewe na Fuliza utalijaza na nini?

Hapa ndipo mabroka wengi wa lori moja huzama, na huzama polepole. Mzigo wa kwanza mnunuzi hajalipa. Dere wa trela anapiga simu, anatukana. Unachukua pesa ya mzigo wa pili umlipe yule wa kwanza. Wa tatu unalipa wa pili. Wiki tatu unaonekana broka mkubwa, simu hailali. Siku mnunuzi mmoja anapozima simu, unapata uko na deni la madere wanne, na wote wanajua Kamukuywa unakaa wapi na lori lako linalala wapi.

Kwa hivyo sheria ya kwanza: usilipe usafiri wa mtu kwa pesa yako. Mwenye mzigo atume advansi ya dizeli moja kwa moja kwa dere ama mwenye trela. Salio lilipwe mzigo ukishuka. Wewe komisheni yako ijulikane, itumwe kando. Mnunuzi akikataa kulipa hivyo, huo mzigo si wako, hata kama ni mkubwa na unakuwasha mkono.

Trela ikipotea, wanakuja kwako

Hii ndiyo inatisha zaidi, na watu huizungumzia ikishatokea. Msee amekuja na trela, ako na sare, anaongea vizuri. Unampea gunia 300. Nairobi hazifiki. Simu imezimwa. Unaenda kuangalia namba ya gari, unapata ni ya pikapu ya mtu huko mbali.

Gunia 300, bei ikiwa shilingi 3,500 kila moja, ni milioni moja na elfu hamsini. Wewe komisheni yako ilikuwa 3,000. Mkulima hatamtafuta dere asiyemjua. Atakuja kwako, kwa sababu wewe ndiye ulisema, "Mzee, huyu ni mtu wangu." Kwa kijiji, hilo neno ni mkataba. Na kama uliandika kwa WhatsApp kwamba utahakikisha mzigo unafika, usishangae ukiona hiyo skrinshoti mbele ya hakimu.

Huko Marekani waliona shida kama hii ikawa kubwa, wakaweka sheria. Tangu 2013, mtu akitaka kuwa broka wa mizigo lazima aweke dhamana ya dola 75,000, ili akihepa na pesa ya madere kuwe na mahali pa kuwalipa. Zamani ilikuwa dola 10,000. Na mwenye lori haruhusiwi kuchukua mzigo kisha ampe mwenye lori mwingine kimyakimya bila kujiandikisha kama broka. Huku kwetu, msee wa kutafutia watu mzigo wa mahindi anaanza na simu na jina lake. Dhamana yako ni jina. Ama ni lori.

Kwa hivyo kabla trela haijapakia, fanya kazi ya dakika ishirini. Tafuta namba ya gari kwa mfumo wa NTSA kwenye eCitizen, ni pesa kidogo na inakuonyesha mwenye gari ni nani. Pigia mwenye gari, si dere peke yake. Piga picha leseni ya dere, kitambulisho, namba ya trela na ya kichwa, maana hizo ni mbili. Mwambie dere mbele ya mkulima mzigo ni gunia ngapi na unaenda wapi, waandike, watie sahihi. Hata kama ni daftari ya mbao. Dere mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika ndiye ulikuwa unamtafuta.

Halafu kuna mambo ya bima. Wengi hawajui kwamba bima ya lori la kubeba mali yako mwenyewe si sawa na ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Ukinunua ile ya bei ya chini ya mali yako, kisha ajali itokee ukiwa na viazi vya mtu aliyekulipa, kampuni iko na sababu ya kukataa. Na hata ile ya pili inahusu gari. Mzigo wenyewe unataka bima yake ya safarini. Na bima yako haifuati trela ya mtu mwingine eti kwa sababu ni wewe uliitafutia mzigo. Soma karatasi. Ama mwambie wakala akusomee, ukimuuliza hayo maswali kwa jina.

Mizani ya Webuye haijui wewe ni broka

Broka mwenye tamaa husukuma gunia zaidi, kwa sababu analipwa kwa gunia. Dere naye anajua kuna mizani Webuye, na Gilgil mbele. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema lori la ekseli mbili lisizidi tani 18 pamoja na uzito wake, na hata trela kubwa kabisa isizidi tani 56. Ukizidisha, faini inatoka kwa mwenye gari.

Wewe kama dere unajua hiyo uchungu. Ndiyo sababu madere wanaweza kukuamini kuliko msee wa steji. Lakini siku utaanza kusema, "Ongeza kumi tu, hakuna kitu," umekuwa yeye.

Na kama mzigo unavuka mpaka, kaa chonjo mara mbili. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania ghafla kwa sababu ya sumukuvu. Ndani ya siku chache ikafungua tena, lakini na masharti: waagizaji wajiandikishe, mahindi yawe na cheti. Wenye lori zilizokuwa njiani walisimama. Mambo ya forodha yana mawakala wake wenye leseni ya KRA. Usijifanye mmoja wao kwa sababu unajua dere wawili Malaba.

KRA anaona pesa ikipita kwa simu

Hii sehemu wengi huruka, halafu wanajuta. Tuseme trela inalipwa 60,000 kwa safari, na komisheni yako ni 3,000. Ukipokea 60,000 yote kwa laini yako ama till yako, halafu utume 57,000 kwa mwenye trela, kwa macho ya mtu anayeangalia hesabu wewe umeuza 60,000.

Kodi ya mauzo ya biashara ndogo, ile ya mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida. Asilimia 3 ya 60,000 ni 1,800. Komisheni yako ilikuwa 3,000. Umebaki na 1,200, na bado hujalipa bando. Kisha ukifika safari 84 kwa mwaka, hiyo ni trela mbili tu kwa wiki kwa miezi kumi, umepitisha milioni 5, na hapo VAT inabisha mlango. Komisheni yako halisi kwa hizo safari 84? Shilingi 252,000.

Umeona mahali shida iko? Kazi ni ile ile, lakini ukipitisha pesa ya watu kwa mfuko wako unaonekana tajiri kwa karatasi na maskini kejani. Ndiyo sababu nyingine ya kuacha mwenye mzigo alipe mwenye trela moja kwa moja, na wewe utoe risiti ya komisheni pekee.

Risiti yenyewe iwe ya eTIMS. Tangu Januari 2024 kampuni haiwezi kutoa gharama kwa hesabu ya kodi bila risiti ya eTIMS. Kwa hivyo wanunuzi wakubwa hawataki msee wa "nitumie tu kwa namba hii". Wengi wanaona hiyo ni usumbufu. Wewe ione kama mlango: broka aliye na risiti Kamukuywa atapata kazi ambayo wale kumi wasio nayo hawataitwa. Na usisahau lori lenyewe lina kodi yake ya mapema, shilingi 2,500 kwa kila tani kwa mwaka. Tani saba ni 17,500. Iweke kwa hesabu ya lori, usiilipe na pesa ya ubroka ukijidanganya lori linafaidi.

Usijipendelee, watu wanaona

Shida kubwa ya kuwa dere na broka si kodi. Ni roho. Mzigo mzuri ukija, mkavu, barabara poa, malipo taslimu, utauchukua wewe. Mzigo wa matope, wa mnunuzi anayesumbua, utampea mwenzako. Mara ya kwanza hawatasema kitu. Mara ya tatu hutapata mtu wa kushika simu yako.

Kuna nyingine mbaya zaidi: kuficha bei. Mkulima amesema 220 kwa gunia, unamwambia dere ni 180, unaweka 40 mfukoni, halafu bado unaitisha komisheni. Hiyo ndiyo ile tabia ilikufanya uwachukie mabroka. Na siku hizi dere na mkulima wanapewa namba za simu za kila mmoja wakati wa kupakia. Wataongea. Kamukuywa si Nairobi, hakuna mahali pa kujificha.

Sema bei moja mbele ya wote: usafiri ni huu, komisheni yangu ni hii. Ukiona aibu kuitaja komisheni yako, pengine ni kubwa kuliko kazi uliyofanya. Na wekeni foleni na wenzako wenye Canter. Matatu zina Sacco na zina foleni. Lori hazina, na ndiyo sababu kila mtu anapigana bei chini mpaka dizeli hairudi. Wasee watano wenye lori wakikubaliana foleni na bei ya chini kabisa kutoka Kaptama mpaka lami, hao watano wameshakuwa na nguvu kuliko broka yeyote.

Simu kwa stiaringi, hapana

Tumeacha hii mwisho kwa sababu haihusu pesa. Kazi ya broka ni simu. Kazi ya dere ni barabara. Ule mteremko wa daraja la Kamukuywa umetajwa kwa habari za ajali mara nyingi sana, na watu wa hapo hawahitaji kuambiwa. Mnunuzi hapigi ukiwa umepaki. Anapiga ukiwa na tani saba nyuma, mvua imeanza, na matatu inakupita kwa kona.

Kushika simu ukiendesha ni kosa kwa sheria za barabara. Lakini hata karao asipokuwepo, breki hazijui unaongea na mteja. Kama huwezi kumpa mtu simu ukiwa safarini, kama bibi, ndugu ama tanboi aliyechanuka, basi hauko tayari kufanya hizi kazi mbili. Hapo hakuna katikati.

So, ufanye aje?

Anza kidogo. Msimu mmoja, usijiite broka. Endesha lori lako, fanya ile kazi ya shamba mpaka lami, na kila mzigo andika: nani alikuwa na gunia ngapi, zilikuwa kavu ama mbichi, nani alinunua, alilipa baada ya siku ngapi. Hilo daftari ndilo mtaji. Lina thamani kuliko apu yoyote, kwa sababu linakuambia nani hulipa.

Msimu wa pili, tafuta trela tatu ama nne ambazo wenyewe unawajua kwa majina. Si ishirini. Unganisha mizigo michache, malipo yakienda moja kwa moja kwa mwenye trela, komisheni yako kando. Chukua leseni ya biashara ya kaunti, sajili eTIMS, fungua laini ya biashara tofauti na ile ya kununua unga wa nyumba.

Na usiweke kila kitu kwa trela za barabara kubwa. 2019 serikali iliamuru kontena zipelekwe na SGR, trela nyingi zikakosa kazi, mpaka Septemba 2022 hiyo amri ilipoondolewa. Amri moja ya Nairobi inaweza kukausha trela zinazopita Webuye. Mzigo wa Chwele, Kimilili na Kitale hautegemei meli, kwa hivyo huo ndio uwe msingi wako.

Baada ya misimu miwili, fungua daftari ujiulize maswali matatu. Komisheni imelipa angalau tairi za lori kwa mwaka? Kuna dere ama mkulima ananidai? Madere wakiona simu yangu wanashika ama wanaiacha iite? Kama la kwanza ni ndio, la pili ni hapana, na la tatu wanashika, basi endelea, wewe ni broka na ni dere, na hakuna aibu. Kama hata moja limeenda kombo, rudi kwa stiaringi, lipa deni, na umwache msee wa simu mbili akule ashu yake. Shilingi 800 kwa safari si kitu ukilinganisha na kuuza lori ili ulipe mahindi ya mzee wa watu.